Anakuuzia mashine, au anakuuzia kesi?



Maneno yamekuwa mengi maskani. Kuna masanduku yanauzwa. Zile mashine za Kichina za kamari, za kutia sarafu. Zimeshatumika, zina mikwaruzo, lakini taa zinawaka na bei ni ya kutupa. Wapo vijana wetu wanaofikiria kununua moja waiweke nyumbani. Si dukani, si baa. Nyumbani, barazani au kwenye kile chumba cha uwani. Hoja yao ni moja: mimi sichezi, mimi naweka tu, mwenye kucheza atacheza. Na wapo wanaotugeukia sisi watu wa haki: "Nyinyi si ndio mnasema mali ya mtu ilindwe na kila mtu aachwe atafute riziki? Basi tuteteeni."

Hilo hatutalitetea. Tutakutetea wewe ukionewa, lakini sanduku hapana. Na kabla hujatuma pesa kwa simu, soma hapa mpaka mwisho.

Anza na swali ambalo hata mtoto angeliuliza: mbona anauza? Kama kweli lile sanduku linamwingizia hela kila jioni akiwa amekaa, kwa nini analitoa kwa bei ya redio? Mtu hauzi ng'ombe anayekamuliwa. Kwa kawaida analiuza kwa sababu amefukuzwa alikokuwa, au mwenye plot amemkataza, au ameanza kutembelewa na askari kila wiki na pesa yote inaishia mikononi mwao. Labda pia sanduku limeharibika upande wa kulipa na wachezaji wameshaanza kumtafuta. Kwa vyovyote, kile alichochoka kukibeba ndicho anakukabidhi wewe, na anataka umlipe juu yake.

Haya masanduku hayakuanza jana. Mwaka 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, serikali iliendesha msako nchi nzima. Mashine zilibebwa kwa malori kutoka vijijini na mitaani, nyingine zikateketezwa hadharani kamera zikiangalia. Mwaka uliofuata, Julai 2019, zamu ikawa ya kampuni kubwa za kubashiri: 27 zilinyimwa kuhuishwa leseni, zikiwemo SportPesa na Betin. Sasa angalia tofauti. Kampuni kubwa zilikwenda mahakamani na mawakili, nyingine zikarudi sokoni. Mwenye kisanduku kimoja kijijini alirudi wapi? Kisanduku chake kilikuwa jivu. Ndiyo maana tunasema huyu muuzaji hakuuzii biashara. Anahamisha hatari kutoka nyumba yake kuja yako.

Hebu tulifungue hilo sanduku tuone lina nini ndani.

Usoni kuna picha zimepangwa mraba: tofaa, chungwa, tikiti, kengele, nyota, 77, BAR. Chini yake kuna vitufe vya kuchagua. Unatia mbao yako, ile sarafu ya ndovu, unachagua, taa inazunguka, inapunguza mwendo, inapita BAR, inasimama kwenye tofaa. Kijana anapiga paja: "Aah, kidogo tu!" Hakuna kidogo. Ile taa si mbio za punda useme huyu alikaribia kushinda. Ndani kuna ubao wa umeme wenye programu, na mwenye sanduku akilifungua anaweza kupanga kiasi gani lilipe na kiasi gani limeze. Mchezaji haoni kitu. Anaona taa tu.

Na hayo matunda nayo yana hadithi yake. Mashine za namna hii zilianza San Francisco, Marekani, miaka ya 1890, kwa fundi mhamiaji kutoka Ujerumani aitwaye Charles Fey. Sheria zilipoanza kuzibana, mwanzoni mwa karne ya 20 watengenezaji walibuni ujanja: mashine ikawa inatoa chingamu zenye ladha ya matunda, ili mwenye duka akiulizwa aseme anauza chingamu, si kamari. Picha za matunda zilianzia hapo, na lile neno BAR linatokana na nembo ya chingamu hizo. Kwa hiyo zaidi ya miaka 100 sasa, sura ya hii mashine ni sura ya kukwepa sheria. Wewe wa Marereni unayesema "mimi naweka tu" umerithi uongo wa zamani sana.

Twende kwenye hesabu, manake hapa ndipo watu hudanganyana. Tuseme sanduku limepangwa kwa huruma, linarudisha shilingi 80 kwa kila 100 inayoingia. Kijana anakuja na 200. Akizicheza zote mara moja, kwa wastani anabaki na 160. Je, anaondoka? Haondoki. Anazitia tena, anabaki na 128. Tena, 102. Tena, 82. Mzunguko wa tano amebaki na kama 66. Hakuna aliyemwibia, hakuna aliyemtolea kisu, lakini shilingi 134 zimeondoka na bado anasema leo alikuwa "anaenda vizuri". Kuna siku atashinda, ndiyo, na siku hiyo atapiga kelele hadi stejini. Kelele hiyo ndiyo tangazo lako, na kesho watakuja sita badala ya mmoja. Watu wetu huogopa chuma ulete madukani, wanatafuta dawa ya kukizuia. Hiki hapa ni chuma ulete cha waziwazi, kina waya wa stima, na umekinunua mwenyewe.

Na anayekuja ni nani? Usijidanganye kwamba ni mgeni wa hoteli ya Malindi au Watamu. Barabara ya Malindi–Garsen inapita hapo, malori yanasimama, lakini dereva wa lori hatakuja kukaa uwani kwako. Anayekuja ni yule kibarua aliyeshinda juani akikusanya chumvi, miguu imepasuka kwa maji ya chumvi, kapokea chake jioni. Ni jirani yako. Ni mtoto wa mamako mdogo. Ni yule dogo aliyetumwa unga, na ile mbao ni chenji ya unga.

Hili la chumvi linatuuma zaidi. Vijiji hivi vya Magarini vimeshakamuliwa vya kutosha. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara pale Malindi kuhusu viwanda vya chumvi, na ripoti yake ikatoka 2006. Wazee na akina mama walisimama wakaeleza habari za ardhi, za malipo na mazingira ya kazi, za maji na mikoko. Harakati zetu za haki pwani hii zimelelewa na mambo kama hayo. Sasa mtu amepigania ujira wake shilingi kwa shilingi, halafu akifika nyumbani anakuta kijana wake mwenyewe, tena anayeswali naye safu moja, ameweka sanduku la kuzimeza. Kwa kiwanda tutaandamana. Kwako wewe tuandamane na mabango gani?

"Lakini ni nyumbani kwangu, Katiba inanilinda." Sawa, tuzungumze Katiba, hiyo ndiyo kazi yetu.

Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako: nyumba yako isipekuliwe ovyo, mali yako isichukuliwe ovyo. Ni haki nzito, na vijana wa Kiislamu pwani hii wanaijua kwa uchungu, kwa sababu wengi wameamshwa usiku wa manane kwa mateke ya mlango. Miaka mingi tumesema nyumba ya Muislamu si uwanja wa askari. Sasa wewe unachukua nyumba hiyo hiyo unaifungulia umma, watu kumi usiku, sarafu zinalia, vijana wanapiga kelele, halafu utegemee mlango wako bado una heshima ya faragha? Umempa askari sababu ambayo alikuwa anaitafuta. Akiingia kwa ajili ya kamari hataishia kwenye kamari. Atauliza hawa ni nani, vitambulisho viko wapi, yule mgeni wa Lamu alikuja lini. Wale ambao familia zao zimewahi kupita njia hiyo wanajua tunasema nini.

Na sheria yenyewe haina utata. Tangu Sheria ya Kamari na Bahati Nasibu ya mwaka 1966, Sura ya 131, kuendesha mahali pa kamari bila leseni ni kosa, na mkono wa sheria haukumfikia mwenye nyumba peke yake. Anayesimamia na anayekutwa ndani nao walikuwa hatarini. Agosti 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari, ikaunda mamlaka mpya ya kusimamia sekta hii badala ya ile bodi ya zamani. Sheria mpya haikuja kulegeza baraza lako. Mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kabisa. Muulize muuzaji: leseni iko wapi? Akikuonyesha karatasi, soma jina lililoandikwa na mahali palipoandikwa. Karatasi ya mtu mwingine ya mji mwingine haitakufunika hapo Marereni.

Siku ukikamatwa, utatupigia, na tutakuja. Kifungu cha 49 kinasema uambiwe kosa lako kwa lugha unayoielewa, upate wakili, ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Usipigwe. Usilazimishwe kusema. Hayo tutayasimamia hata kama hatukupenda ulichofanya. Lakini hakuna wakili atakayegeuza sanduku la sarafu kuwa kabati la vyombo.

Kabla ya mahakama kuna lile la kila wiki. Nyinyi mnalijua kuliko sisi. Anakuja mmoja, "chai yangu". Anakuja wa pili, hakuambiwa wa kwanza alishakuja. Mtu wa mtaa naye anataka chake ili asiseme. Stima ni tokeni zako. Sanduku likikwama na sarafu za mtu zikiwa ndani, mtu huyo amelewa mnazi na yuko mlangoni kwako saa nne usiku, huna meneja wa kumwita. Mamako yuko chumba cha pili. Dadako anaswali Isha. Hao wote hukuwauliza ulipolileta. Wahenga walishasema mchuma janga hula na wa kwao.

Tuje kwenye dini, na hapa hatutasema mengi, manake wengi wenu mmesoma chuoni. Suratul Maida aya ya 90 na 91 imeiweka kamari pamoja na pombe na ushirikina wa kale, ikaeleza sababu: uadui na chuki kati ya watu, na kuzuiwa na dhikri na Swala. Hiyo mnaijua. Lakini wachache hutafakari ile ya Suratul Baqara aya ya 219. Hapo Mwenyezi Mungu hakukana kwamba kamari ina faida kwa watu. Amekubali zipo faida, kisha akatuambia dhambi yake ni kubwa kuliko faida hizo. Kwa hiyo unapokuja na hoja ya "lakini inalipa, shehe", hukuleta kitu kipya. Hoja yako ilishajibiwa kabla babu ya babu yako hajazaliwa. Na katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba mtu akimwambia tu mwenzake njoo tucheze kamari, basi atoe sadaka. Huyo amealika kwa mdomo, mara moja. Sanduku lako linaalika kwa taa na muziki kuanzia Asr mpaka usiku.

Kuna wanaoleta video za Uingereza: mbona Wazungu wananunua mashine kuukuu zilizotolewa baa, wanaweka sebuleni, na hakuna neno? Ni kweli wanafanya hivyo. Lakini angalia anachofanya. Ana ufunguo wa mashine mfukoni. Anatia sarafu zake, akimaliza anafungua anazitoa, anatia tena. Ni pambo, kama mtu aliyeweka kinanda kibovu. Jirani hapangi foleni dirishani. Sasa wewe niambie kwa ukweli, hapo Marereni unanunua pambo? Na hata kama ni pambo, sisi hatuoni sababu ya kumlea mtoto wa miaka minne akijua mlio wa sarafu zinazoanguka kabla hajajua Alhamdu. Wengine watasema tumezidisha. Sawa, tumezidisha.

Hoja ambayo ina uzito ni hii nyingine, na hatutaikwepa: "Mnatukemea sisi wa kisanduku, na simu je? Aviator iko mkononi mwa kila mtu." Kweli kabisa. Uchunguzi wa GeoPoll wa 2017 ulipata kwamba asilimia 76 ya vijana waliohojiwa Kenya walishawahi kucheza kamari, juu kuliko nchi nyingine za Afrika zilizochunguzwa. Leo ndege ya kwenye simu inaruka saa 24. Na serikali inayochoma visanduku inakula sahani moja na wenye ndege. Ushuru kwenye pesa ya kubashiri ulikuwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ukapanda 12.5 mwaka 2023, ukawa 15 mwishoni mwa 2024, halafu Julai 2025 wakabadilisha wakaanza kukata asilimia 5 kwenye pesa unayoweka. Yaani umasikini wa barobaro umekuwa bajeti. Aprili 2025 bodi ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kwa sababu watoto walikuwa wanaona matangazo hayo wakati wowote. Siku 30! Kama mtu anayeacha sigara mwezi wa Ramadhani tu.

Kwa hiyo ndiyo, kuna dhuluma. Mkubwa anapewa leseni, mdogo anapewa pingu. Hilo tunalipigia kelele na tutaendelea. Lakini hoja ya usawa haiwezi kuwa "na mimi niruhusiwe kumkamua jirani yangu". Usawa tunaoutaka ni wa upande wa pili: yule mkubwa naye abanwe. Na kuna tofauti moja ambayo ni lazima uikubali. Anayecheza kwa simu anajiumiza mwenyewe na wa nyumbani kwake, na akaunti ina jina na namba. Sanduku la uwani halimuulizi mtu kitambulisho. Mtoto wa darasa la tano akifika kwenye tundu la sarafu, limemkubali. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya kulindwa, na wa kumlinda wa kwanza si waziri aliye Nairobi. Ni mwenye baraza ambalo mtoto anapita akitoka madrasa.

Tunajua kinachowasukuma. Kazi hakuna, na zile za chumvi zinaisha mvua ikinyesha. Boda zimejaa hadi abiria anachagua kwa rangi. Hatuna biashara nyingine mfukoni ya kukupa leo, na atakayekuambia anayo muogope. Lakini zile pesa ulizoweka akiba, ambazo umezipata kwa jasho, bado ni zako leo. Kesho ukizituma zitakuwa za mtu aliyefurahi kuliondoa sanduku nyumbani kwake.

Sasa, kwa wale ambao tayari wanalo. Tunajua mpo, na hatukuandika haya ili muone haya mbele za watu. Lizime leo, usingoje mwisho wa mwezi. Usilibebe kwenye tuktuk usiku, ukisimamishwa njiani utaonekana ndiye msambazaji. Kama ni la mtu mwingine uliwekewa tu mgawane, mwite achukue chake mbele ya mashahidi wawili watu wazima, na usikubali akuachie "wiki moja tu". Kama umeshapata wito au umeanza kutembelewa na askari, ongea na wakili au wasaidizi wetu wa sheria kabla hujaandika chochote kituoni. Pesa zilizokuwa ndani, kama unawajua wenyewe, warudishie, na kama huwajui muulize imamu wako namna ya kuzitoa, usizile. Na usimuuzie mwingine, manake hapo utakuwa umefanya vile vile ulivyofanyiwa. Bati na vyuma peleka kwa wanaonunua vyuma chakavu. Ule ubao wa umeme wa ndani uvunje vipande kwa nyundo, kwa sababu ukiuacha mzima kuna fundi atautia kwenye kisanduku kingine kabla ya Ijumaa.